Usilaumu Tangi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni nyasi. Nyuma ya tangi la maji palikuwa na doa dogo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na kijani chake hakikuwa kijani cha jana.

Mtu mwingine asingeliona. Mimi nililiona kwa sababu nyasi zile nilizipika mwenyewe. Nilichukua unga wa mbao kwa seremala, nikauchekecha, nikauchemsha pamoja na rangi ya kusukia mikeka, kisha nikauanika juu ya magazeti. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba sufuria mbili hazitoi kijani kimoja hata upime kwa kijiko kilekile. Nyasi za pale tangini zilikuwa za sufuria ya kwanza, kijani cha mgomba mchanga. Doa lile lilikuwa limekolea mpaka likaelekea bluu.

Ndipo nikautazama mlingoti wa ishara, ule wenye mkono mwekundu unaomwambia dereva asimame au apite. Kila siku nilipofuta vumbi brashi yangu iliukuta nyuma ya tangi. Asubuhi hiyo ulikuwa mbele yake, umesimama wima, kana kwamba haujawahi kukaa kwingine.

Chumba kile kilikuwa cha Babu, na karibu chote kilikuwa meza. Ilikuwa ndefu kuliko vitanda viwili vilivyounganishwa, imebakiza ujia ambao mtu huupita kwa ubavu. Juu yake kulikuwa na reli ya mji wetu, ile iliyong'olewa kabla sijazaliwa: stesheni saba, daraja moja, kona kali ya kushuka kutoka milimani, na treni ndogo ambazo injini zake hukaa kwenye kiganja. Babu alikuwa stesheni masta wa mwisho wa stesheni ya pale konani, na watu wa rika lake walimwita Bendera. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiijenga reli ile upya kwa bati, waya, plasta na gundi. Alipenda kusema kwamba wenyewe waliing'oa kwa miezi miwili tu, maana kujenga ni kazi lakini kubomoa ni ngoma, kila mtu anaijua.

Hakuwa babu yangu wa damu. Nililetwa na mama mdogo kupika na kufua, na mlangoni aliniusia mambo mawili: nichunge mdomo na nichunge mikono. Mdomo haukuwa na shida. Hata shuleni mwalimu akiniuliza swali nilikuwa natazama dirisha mpaka achoke. Nilipoacha darasa la tano, mama alipougua, sidhani kama darasa lilipungua kelele.

Mikono ndiyo iliyonifikisha pale mezani. Mwaka wangu wa kwanza niliruhusiwa kufagia sakafu tu. Siku moja behewa lilianguka, nikaliokota na kulirudisha relini, magurudumu yote manane kwa mara moja. Babu alikuwa mlangoni. Hakunigombeza. Alisema, "Mikono yako ina macho," na kesho yake alasiri akaniwekea kigoda. Nikaanza kubandika mataruma, vile vijiti vinavyolala chini ya reli, kukata bati, kupika nyasi. Hakuna mtu aliyewahi kuihitaji mikono yangu kwa kitu kisichokuwa sufuria. Nilikuwa namaliza vyombo vya mchana mbio ili nifike kwenye kile kigoda, na usiku kabla sijalala nilikuwa nahesabu madirisha ya mabehewa kichwani.

Binti yake Babu hakukipenda kigoda changu. Alikuwa muuguzi, nami nilimwita Dada Nesi. Alisema chumba kile kina vitu ambavyo watu wa makumbusho wangevitamani, na si mahali pa mtu wa jikoni. Alishaniambia waziwazi kwamba siku kitu kitakapoharibika mle ndani nitarudi jikoni, na huenda jikoni nikapapita tu, nikaenda moja kwa moja getini.

Kwa hiyo lile doa lilinitisha. Mtu alikuwa ameung'oa mlingoti, akaziba tundu lake kwa plasta, akanyunyiza nyasi juu, akautobolea tundu mahali pengine. Na aliyekuwa akiingia mle kila siku na brashi mkononi alikuwa mimi.

Nilimwambia Babu wakati wa chai. Hakuinua macho. Alisema labda nimeona vibaya, kuna siku mwanga wa dirisha hudanganya. Kisha akaendelea kukoroga chai. Nilikuwa sijamtilia sukari bado.

Hapo ndipo shaka ilipoanza kuniingia. Nilianza kumtazama kila aliyeingia nyumba ile, nami ni hodari wa kutazama, kwa kuwa mtu asiyesema hana kingine cha kufanya.

Wa kwanza alikuwa Tiketi. Huyu alikuwa mkaguzi wa tiketi katika treni za zamani, na baada ya reli kufa akawa mkusanyaji. Alikusanya kofia, taa, filimbi, ratiba, na hasa treni ndogo za njia yetu, kila injini iliyowahi kupita hapa. Nyingine alizitengeneza, nyingine alizinyemelea miaka mpaka wenyewe wakaziachia. Nusu ya treni za mezani zilikuwa zake, alizileta katika maboksi ya viatu zikiwa zimelazwa kwenye pamba. Alikuja Jumatano na Jumamosi, na kabla hajaketi alikuwa ameshamchokoza Babu.

"Bendera, bado uko hai? Mimi nilikuja kuchukua meza."

"Itabidi uchukue na mimi. Nimegandishwa na gundi."

Jumatano ile kabla ya doa, Tiketi alikuja na habari mbili. Ya kwanza, yeye na Babu wamepewa bohari la zamani la mizigo, na baada ya wiki tatu meza nzima itahamishiwa huko watu waje waione. Ya pili aliisema akiwa anatafuna karanga: yule fundi cherehani wa karibu na posta ameomba aje kuiangalia stesheni ya konani kabla ya siku hiyo. Babu alisema aje tu. Mimi nilikuwa natoa vikombe, sikuona uzito wowote hapo. Fundi cherehani nilimjua kama mtu wa kupunguza nguo kiunoni.

Alhamisi nikaona doa la kwanza. Jumamosi Tiketi akaja tena, na Jumapili mlingoti ulikuwa umerudi nyuma ya tangi, na doa la pili la kijani kile kilichokolea likawa mbele. Nikapiga hesabu zangu. Kila akija Tiketi, kesho yake mlingoti umehama. Na mifukoni mwake hakukosa koleo.

Nilifanya jambo ambalo mama mdogo angenichuna ngozi kwa ajili yake. Jumatano iliyofuata Tiketi alipoangika koti nyuma ya mlango na kwenda chooni, niliingiza mkono mifukoni. Nilikuta pipi za mnanaa, kipande cha mshumaa cha kulainishia magurudumu, koleo, na tiketi za zamani zimefungwa kwa mpira. Hakuna plasta wala unga wa mbao. Aliporudi nilikuwa nimeshika fagio, nafagia mahali palipokuwa pasafi kama sahani. Alinitazama, akalitazama koti, akasema, "Mjukuu, pipi ukiitaka si uombe?" Nilitamani sakafu inimeze. Alinipa mbili.

Sikuacha kumshuku. Nilimshuku zaidi, maana mtu anayekukamata na bado akakupa pipi ana lake.

Ijumaa ya wiki hiyo mambo yakaharibika. Dada Nesi alikuwa na mapumziko, akaamua kumwonyesha mwenzake wa kazini ile meza. Mimi nilikuwa jikoni. Nikasikia ninaitwa kwa jina langu lote mpaka la ukoo. Nilipofika alikuwa amenyoosha kidole. Mlingoti ulikuwa mbele ya tangi tena, na mkono wake mwekundu ulikuwa umevunjika, umeungwa kwa tone la gundi lililovimba kama kipele.

Aliuliza nani amefanya vile. Nilisema si mimi. Sauti ilitoka ndogo, hata mimi nisingeiamini.

"Humu anaingia nani? Baba na wewe. Baba amejenga, wewe unafuta. Nani avunje?"

Nilisema labda mlingoti ulikuwa unalegea kwa sababu tundu limetobolewa mara nyingi.

"Usilaumu tangi," alisema, na yule mwenzake akacheka.

Huo ni msemo wa mji wetu. Ukichelewa ukasingizia mvua, utaambiwa usilaumu tangi. Mtoto akifeli akasema kalamu ilikuwa mbovu, usilaumu tangi. Nimeusikia tangu nabebwa mgongoni, na sikuwahi kuuliza ni tangi lipi.

Babu alikuja kwa sababu ya kelele. Dada Nesi akamweleza kwamba mkono wa ishara umevunjwa na mtoto hataki kukiri. Babu alitazama meza muda mrefu. Alisema ni kitu kidogo, kitatengenezeka. Hakusema kwamba si mimi. Nilimsubiri aseme, nikaona amegeuka anatafuta miwani yake, na miwani ilikuwa usoni.

Dada Nesi akatoa hukumu: nisiingie mle mpaka maonyesho yapite, na ikitokea tena, mama mdogo aje anichukue. Kigoda changu kikatolewa kikawekwa jikoni. Nilikikalia nikimenya viazi na nilihisi kama nimekalia kitu cha marehemu.

Nikawa na muda wa kufikiri. Wiki hiyo Tiketi alikuwa amesafiri tangu Alhamisi asubuhi kufuata magurudumu, na Alhamisi mchana nilipofuta vumbi mlingoti ulikuwa nyuma ya tangi, mzima. Ulihama baada ya hapo. Kwa hiyo si yeye. Dada Nesi? Angekuwa anautaka ule mkono uvunjike ili nifukuzwe? Nililifikiria hilo vizuri, tena kwa furaha kidogo, lakini alikuwa zamu hospitalini siku zote zile, na hajui kuchanganya plasta. Hata uji humshikia chini ya sufuria.

Ikabaki ile rangi. Kijani kilichokolea. Niliacha kumenya, kisu kikiwa mkononi.

Kijani kile kilikuwa cha sufuria ya tatu, ile niliyoiharibu kwa kuzidisha bluu. Nilitaka kuimwaga. Babu akakataa, akasema hakuna kitu cha kutupwa relini, akaniambia niitie kwenye kopo la maziwa ya unga na kulificha chini ya meza, nyuma ya pazia, pamoja na vyuma chakavu. Juu ya kopo bado kulikuwa na picha ya mtoto anayecheka. Tiketi hakulijua. Dada Nesi angeliona angedhani ni maziwa. Mtu anayetaka nyasi haraka na hataki kufungua mkebe mkubwa ulio rafuni, mbele ya macho yangu, angechukua lile kopo. Na waliojua lile kopo walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa anamenya viazi.

Sikutaka kuamini. Nilijipitisha mlangoni mara tatu siku hiyo nikiwa na ndoo ambayo haikuwa na maji. Mara ya tatu, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo Babu husema anajinyoosha, mlango ulikuwa umeachia upenyo. Alikuwa ameketi kwenye kiti, mlingoti kati ya vidole viwili. Aliusimamisha mbele ya tangi, akautazama. Akauhamisha nyuma, akautazama. Mbele. Nyuma. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, na mkono ulikuwa unamtetemeka. Nikajua jinsi lile bati lilivyovunjika.

Ndoo iligonga ukuta. Hakushtuka. Alisema tu, bila kugeuka, "Ingia. Funga mlango."

Nilisema Dada amenikataza.

"Najua alichokukataza. Ingia."

Nikaingia. Alinieleza huku akiwa anausugua ule mkono wa bati kwa kidole, na alieleza taratibu kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Zamani, akiwa karani kijana pale stesheni ya konani, treni ya mizigo ilishuka kutoka milimani ikapita ishara ya kusimama, ikayagonga mabehewa yaliyokuwa yanapakiwa. Kijana aliyekuwa akichochea moto kwenye injini alikufa. Dereva alipona. Dereva akasema ishara hakuiona, kwa sababu ilikuwa nyuma ya tangi la maji. Ukija kutoka kwenye kona, tangi huificha mpaka umeshaifikia. Wakubwa walipokuja kuchunguza waliukuta mlingoti uko mbele ya tangi, unaonekana peupe tangu mwanzo wa kona. Wakapima, wakaandika. Dereva akafukuzwa kazi kama muuaji na mwongo. Mji ukapata msemo.

Nilikuwa sijaelewa bado. Nikamuuliza basi ulikuwa wapi.

"Ulikuwa nyuma. Ulijengwa vibaya tangu mwanzo, na tulishaandika barua mbili kulalamika."

Mchana wa mazishi ya yule kijana, mji wote ukiwa makaburini, alikuja mkubwa mmoja kwa toroli la relini na watu sita. Wakaung'oa mlingoti, wakausimika mbele. Lile shimo la zamani wakalifukia na kupanda nyasi juu. Babu peke yake alikuwa zamu. Hakushika jembe. Walimwambia asimame njiani atazame kama kuna mtu anakuja, naye akasimama. Mwezi uliofuata akaambiwa yeye sasa ni stesheni masta msaidizi. Hakuna aliyemwambia ni kwa sababu gani, wala hakuuliza.

Alisema alipoanza kuijenga meza mikono yake iliuweka mlingoti nyuma yenyewe, kama ulivyokuwa kweli, na kwa miaka kumi na minne hakuna aliyeona. Wakusanyaji huja na kutazama injini, huhesabu magurudumu, hubishana juu ya rangi ya bomba. Mlingoti nani anautazama? Sasa anakuja mtu mmoja ambaye atautazama huo tu. Fundi cherehani alikuwa binti wa yule dereva.

Aliniuliza ningekuwa mimi ningefanya nini. Nilitazama dirisha. Akacheka kidogo, akasema, "Jumamosi akija nitamwambia. Na nitamwambia Dada yako kuhusu huu mkono. Kigoda chako kitarudi."

Nililala na ile ahadi. Lakini nilipoamka nilikuwa nimeshaanza kuitilia shaka. Nilikuwa nimemwona anavyoshika ule mlingoti, na mtu aliyeamua hashiki kitu namna ile. Kila siku hadi Jumamosi nilichungulia mlangoni. Jumanne ulikuwa nyuma. Jumatano nyuma. Alhamisi nyuma, nikaanza kupumua. Jumamosi asubuhi, nikimpelekea maji ya kunywa, nikauona uko mbele, umegandishwa kwa gundi nyingi, na kopo la mtoto anayecheka liko wazi juu ya dirisha.

Fundi cherehani alikuja saa nne. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, amevaa futi yake ya kupimia shingoni kama aliyesahau kuivua. Tiketi alikuwepo, amevaa kofia yake ya zamani ya kazi kwa heshima ya mgeni. Dada Nesi alikuwepo. Mimi niliitwa kuleta viti, nikabaki karibu na mlango kwa sababu hakuna aliyeniambia nitoke.

Tiketi alimwonyesha mgeni stesheni moja baada ya nyingine, akimtajia injini na miaka yake. Mgeni aliitikia kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa yameshafika konani. Alipofika hapo aliomba radhi, akavua viatu, akapiga magoti sakafuni mpaka shavu lake likawa sawa na reli. Alifumba jicho moja. Alikuwa anatazama kama dereva anavyotazama, akija kutoka milimani. Hakuna mkusanyaji niliyewahi kumwona akiitazama meza ile kutokea pale.

Alikaa hivyo muda. Kisha akasema, "Nauona."

Akafumbua lile jicho jingine.

"Nauona tangu mbali. Na baba alikufa akisema hakuuona."

Tiketi alikohoa, akasema ndivyo taarifa ya uchunguzi inavyosema, nakala yake anayo nyumbani, vipimo viko hadi futi na inchi. Alisema kwa upole, si kwa kumkomoa. Mwanamke alisimama akishikilia ukingo wa meza, na wakati anasimama macho yake yakapita nyuma ya tangi. Akainama tena.

"Hapa palikuwa na nini? Hizi nyasi si sawa na zile."

Nilimtazama Babu. Ilikuwa zamu yake. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake, ilibidi apite tu. Alifungua mdomo, na naapa niliona neno limefika menoni.

Dada Nesi akawahi. Alisema mgeni asijali, ni huyu binti wa kazi, anafuta vumbi kwa pupa, ameng'oa ng'oa vitu akawa anabandika ovyo kuficha. Hata mkono wa ishara ameuvunja. Wote wakanigeukia. Tiketi alinitazama, kisha akamtazama Babu, na uso wake ukaingiwa na kitu kama kivuli.

"Bendera?" alisema.

Babu alikuwa anatazama mikono yake.  Halafu akasema, kwa sauti ya upole sana, "Bado anajifunza, huyu. Msimlaumu."

Ningeweza kusema. Nilikuwa na maneno yote, yamepangana kama mabehewa. Lakini niliona jambo moja kwa ghafla, waziwazi: nikisema, hata wakiniamini, huyu mzee ataanguka mbele ya binti yake, na hakuna nyumba inayomweka mtu wa kazi aliyemwangusha mwenye nyumba. Na nikinyamaza, atakuwa na deni kwangu. Nilikuwa msichana wa darasa la tano asiyejua kujibu swali, lakini hilo nililijua haraka kuliko mtu yeyote mle ndani.

Nikasema, "Samahani. Nitarekebisha."

Nilimsindikiza mgeni getini. Alitembea polepole, akawa kama anahesabu hatua. Alipofika getini alinigeukia. Alisema sisi wafuta vumbi huwa tunajua mambo, hata yeye kwa kukata nguo za watu anajua nani anakonda kwa nini. Kisha akaniuliza moja kwa moja.

"Kabla hujaung'oa, ulikuwa upande gani?"

Nilitazama futi shingoni mwake. Nikasema, "Sijui, mama."

Aliitikia kwa kichwa. "Basi na mimi nisilaumu tangi," alisema, akafungua geti mwenyewe.

Kigoda changu kilirudi Jumatatu. Babu alimwambia Dada Nesi kwamba macho yake yamechoka, maonyesho yako mlangoni, na bila mikono yangu meza haitakwisha. Dada Nesi aliguna lakini alikubali. Alasiri hiyo Babu alinipa brashi yake nyembamba ya kuandikia namba za injini, ambayo hata Tiketi hakuruhusiwa kuigusa.  Nikaipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo kila alichonipa nilikipokea huku nikijiuliza ni cha shukrani au ni cha kuniziba, na nadhani na yeye kila nilipomtengea chai alijiuliza mimi namtazamaje.

Watu walijaa bohari siku ya maonyesho. Akina baba waliwabeba watoto mabegani, na pale konani kila mmoja alisimama akacheka: aha, kumbe tangi lenyewe ndilo hili. Fundi cherehani hakuja. Tiketi alizunguka na kofia yake akieleza, ila kona ile aliiruka, kila mara, na hakuwahi kuniuliza. Utani wake na Babu ulipungua ukawa salamu tu.

Babu alifariki mwaka wa pili baada ya hapo, usingizini, bila kumwambia mtu mwingine habari za mlingoti. Meza ikabaki bohari moja kwa moja, nami nikahamia nayo. Wameniajiri kuitunza. Watoto wa shule wakija ni mimi ninayewaeleza, na huwa nasikia sauti yangu nikashangaa imetoka wapi. Wananiita Fundi.

Mwezi uliopita nilishonewa sare. Mshonaji ni yuleyule fundi cherehani wa karibu na posta. Alinipima mabega, kifua, mikono, pini zikiwa mdomoni, na kwa kuwa pini zilikuwa mdomoni hakuna aliyetarajia maneno. Nilibana pumzi mpaka akanigonga mgongoni kidogo nipumue, vipimo visije vikaharibika. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi cha kuhesabu kope. Akaandika namba zake, akaniambia nirudi Ijumaa. Nikasema asante, nikatoka.

Mama, mlingoti ulikuwa nyuma ya tangi. Baba yako hakuuona kwa sababu haukuonekana. Nilikuwa nimeshaambiwa yote uliponiuliza pale getini, na nilisema sijui kwa sababu nilitaka kubaki mezani.